Mkuu wa Kituo Hataki Wageni

Mimi sikuumbwa kwa kukaa. Watu wakiona cherehani wanadhani fundi ni mtu aliyetulia, kumbe mimi nikishona mstari mmoja nimeshasimama, nimechungulia uani, nimekunywa maji, nimerudi nimesahau kama nilikuwa kwenye shingo au kwenye mkono. Sasa hebu pata picha: mtu wa namna hiyo anapewa kazi ya kushona majoho ya kwaya nzima, mwalimu wa kwaya anapita kila asubuhi kuuliza, "Fundi, tunakwendaje?", na huko nyuma ya nyumba kuku wanataka kuuana. Siku zile hata chai nilikuwa nakunywa nimesimama.

Kuku wenyewe walikuwa makundi mawili. Wangu ni wa siku nyingi. Wamekulia uani, wanazijua kona zote, na juu yao wote yupo mmoja mnene niliyempa cheo cha Mkuu wa Kituo, kwa jinsi anavyotembea. Huyo akifika kwenye chakula wenzake wanapisha bila kuambiwa. Akitaka kutaga akakuta kiota kina mtu, anasimama pembeni, anamkazia macho mpaka mwenyewe anaona haya anatoka. Nampenda, sisemi uongo. Ana roho ngumu, lakini bandani kwake hakuna fujo.

Wa mdogo wangu walikuja ndani ya boksi la sabuni. Walikuwa mitetea, kuku wachanga ambao miguu imetangulia mwili na yai bado hawajui ni kitu gani. Mdogo wangu alishuka nao kwenye pikipiki, boksi kalipakata, mkoba mmoja begani, na shavu la kushoto limevimba. Sikumuuliza kitu, shavu lilikuwa limeshasema. Baadaye akanieleza: mume wake alimzaba kibao mbele ya wageni, eti chai imechelewa, na wageni wakaendelea kunywa. Hilo la wageni kuendelea kunywa lilimuuma kuliko kibao chenyewe. Akachukua kilicho chake, na katika nyumba ile kilicho chake hasa kilikuwa wale kuku, aliowalea mwenyewe jikoni tangu wakiwa vifaranga.

Nilimkumbatia pale pale mlangoni, boksi katikati yetu, kuku wanapiga kelele.

"Kule hurudi," nikamwambia. "Haki ya Mungu hurudi, mimi nikiwa na pumzi."

"Tutaona, dada." Akaliangalia boksi. "Hawa wakikaa, na mimi nitakaa. Wakishindwa, basi nitajua hapa hapatufai."

"Wewe! Kuku ndio wakuamulie maisha?"

"Nimechoka kuamua," akasema.

Nikacheka, nikadhani ni uchovu wa safari. Kumbe mwenzangu alikuwa amesema kweli tupu, na kuanzia siku ile kila nikisikia mbawa zinapigwa huko nyuma, nakimbilia uani. Nilikuwa naogopa. Nasema wazi: nilikuwa naogopa mdogo wangu atarudi kwa mtu yule, na safari nyingine hataondoka na uvimbe wa shavu tu.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu baba na mama. Sisi tulizaliwa wawili tu. Yeye aliolewa, mimi nikabaki kuwauguza wazee, nao walipoondoka nikaingiza vyerehani sebuleni, nikatundika kioo cha wateja ukutani, maisha yakaendelea. Mdogo wangu nilimtandikia kitanda kwenye chumba cha kujaribia nguo. Kila mteja aliyetaka kujaribu gauni, ilibidi mdogo wangu akusanye shuka lake kwanza.

Kuku wageni huwaingizi tu bandani kama unavyomimina viazi kwenye gunia. Hilo nalijua. Unawaweka waonane kwanza kwa mbali. Nikamwita jirani yetu, fundi wa kuchomelea, akatutengenezea fremu na wavu wa waya, tukaligawa banda pande mbili. Huku wangu, kule wa mdogo wangu, kila upande na maji yake na pumba yake.

Mwanzoni Mkuu wa Kituo alikuwa hali, halali. Asubuhi hadi jioni anapanda na kushuka kando ya wavu, kifua mbele, anawapigia kelele wale watoto wa watu. Mitetea nao wamejikusanya kwenye kona moja, mmoja akipumua wote wanapumua. Lakini siku zikaenda, akachoka. Mwishowe ukienda asubuhi unawakuta wanakula kila mmoja upande wake, vichwa karibu vigusane, wavu tu katikati. Mdogo wangu akiwaona hivyo anatabasamu, na mimi nikimwona anatabasamu nashona vizuri siku nzima.

Na yeye alianza kuzoea. Alikuwa anakaa kwenye cherehani ya pili, ile ya ukutani, ananipigia pindo na vifungo. Ana mkono mzuri kuliko mimi, simsifu kwa sababu ni wangu. Mimi mishono yangu inakimbia kama nilivyo mwenyewe. Yake imetulia, unaweza kuipima kwa rula.

Wateja bila shaka wakawa wanauliza. Mtu anaingia, hajaketi, macho yameshatua ukutani. "Na huyu mwenzetu ni nani?"

"Mdogo wangu huyo," nasema. "Ameachana na mumewe, maskini. Yuko kwangu kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa."

Nilikuwa naisema haraka, kabla hawajaanza kubuni la kwao. Watu wa kwetu usipowapa habari wanajipikia wenyewe, na wakipika wanatia chumvi nyingi. Basi mteja anasema "Oo, pole sana," anamtazama juu mpaka chini, halafu anaanza. Huyu anashauri maombi, yule anauliza kama walijaaliwa watoto, yule mwingine anasema hata yeye mumewe alikuwa hivyo hivyo akamvumilia. Mkubwa wao ni mama mmoja tunayemwita Mama Mikoba, kwa sababu hujawahi kumwona na mkoba ule ule mara mbili. Huyo alivuta kiti kabisa mpaka kwenye magoti ya mdogo wangu.

"Mwanangu, ndoa ni moyo," akamwambia. "Rudi ukajishushe."

"Mama, gauni lako lina zipu au vifungo?" nikadakia. Mdogo wangu alikuwa ameinamia kazi yake, haonyeshi uso.

Siku ya kufungua wavu niliamka na furaha ya kijinga. Mdogo wangu alikuwa keshachuchumaa bandani, anawasemesha mitetea wake mmoja mmoja, kama anayepeleka watoto shule siku ya kwanza. Mimi nikasema ngoja kidogo. Maana rangi yao ni kahawia ile ile ya kuku wangu. Leo unawajua kwa udogo. Wakishanenepa, nani atajua huyu ni wa nani? Na mimi kazini kwangu sijawahi kupoteza kitambaa cha mteja, kwa sababu kila mzigo unaoingia naufunga kipande cha kitambaa cha kuutambulisha. Mzigo usio na alama haulali kwenye rafu yangu. Basi nikaingia ndani, nikachukua mabaki ya majoho ya kwaya, mekundu ya kuwaka, nikakata vipande vyembamba, nikawafunga mitetea wote mguuni. Fundo zuri, lisilobana.

"Vya nini hivi, dada?"

"Ili tusije tukagombana huko mbele. Wako wajulikane wako, wangu wajulikane wangu."

Tukaondoa wavu.

Lo! Mkuu wa Kituo alinyoosha shingo, akainamisha kichwa upande, akatazama chini, halafu akawa kama aliyepandwa na mashetani. Mtetea wa kwanza alidonolewa mguuni mpaka akaanguka. Wenziwe kuona hivyo wakatimua mbio, na kadiri wanavyokimbia ndivyo kuku wangu wote wanavyowafuata, hata wale wapole ambao sijawahi kuwasikia wakitoa sauti. Manyoya yakatapakaa. Mdogo wangu akaruka ndani pekupeku, mimi nyuma yake na ufagio, tunapiga kelele kushinda kuku. Tulipofanikiwa kuwatenganisha na kurudisha wavu, mitetea wote walikuwa wanachuruzika damu miguuni.

"Jamani, si walikuwa wameshazoeana?" nikawa nauliza hewa. "Jana si walikuwa wanakula pamoja?"

Mdogo wangu alikuwa anaosha vidonda kwa maji ya chumvi. "Wanajua hawa si wa hapa," akasema.

"Acha maneno yako. Kuku hao, wanajua nini?"

Lakini tangu hapo sikukaa. Nashona mkono wa joho, natoka kwenda kutazama banda. Narudi nafumua, maana mkono nimeushona ndani nje. Natoka tena. Labda chakula hakitoshi: nikaongeza chombo cha pili, nikakiweka mbali na cha kwanza. Labda wamechoka kukaa bure: nikawaning'inizia kabichi zima wacheze nalo. Nikamwita tena fundi wa kuchomelea, nikamsimamisha mbele ya banda, nikamwuliza kulikoni.

"Mama, mimi nachomelea vyuma," akasema. "Usuluhishi sijasomea."

Mwishowe nikaona dawa ni moja, kumwondoa mchochezi. Vidonda vilipokauka, nikamkamata Mkuu wa Kituo, nikamweka mahabusu chini ya tenga, na jiwe juu yake. Alitukana mpaka sauti ikamkauka. Mitetea nikawabadilishia vitambaa, kwa sababu vile vya kwanza vilikuwa vimechanika na kupauka. Nikawafunga vipya, vyekundu zaidi. Nikamwambia mdogo wangu, sasa utaona. Tukafungua wavu.

Wale waliobaki walifanya kazi ya mkuu wao na kuizidi.

Safari hii mdogo wangu hakupiga kelele. Aliwakusanya mitetea wake kimya kimya, akawarudisha upande wao, akafunga wavu, akaenda kuketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Nilikwenda nikasimama karibu yake. Kuketi sikuweza.

"Nimeongea na shemeji yako," akasema. "Anakuja kesho kunichukua."

"Kukuchukua au kukumalizia shavu la pili?"

"Anasema amejirekebisha."

"Wote husema! Hivi wewe una akili? Kwa sababu ya kuku?"

"Dada, nilikwambia tangu siku ya kwanza. Hapa si pangu. Kule nilikuwa napigwa, lakini nilikuwa nayo sufuria yangu. Hapa hata nikilala, shuka langu linasubiri mteja."

Nikapandwa na hasira, hasira ya mtu aliyeshikwa na hofu. Nikamwambia hana shukrani. Nikamwambia aende, akapigwe vizuri, asije akanililia. Halafu nikaingia ndani, nikakaa mbele ya joho jekundu, machozi yakawa yananidondokea kwenye kitambaa cha watu.

Ndipo akaingia Mama Mikoba. Siku hiyo alikuwa na mkoba wa rangi ya maji ya machungwa, viatu vya wazi, na kucha za miguu amezipaka rangi mpya. Gauni lake lilikuwa tayari, lakini yeye hakulifuata gauni.

"Nasikia kuku wenu wanapigana," akasema. "Hebu nikawaone."

Nani kampa habari, Mungu anajua. Sikuwa na nguvu za kumzuia. Akapita mpaka uani, akafungua mlango wa banda upande wangu, akaingia na mkoba wake. Wakati huo Mkuu wa Kituo nilikuwa nimeshamwachia. Mwenye mji akanyoosha shingo, akainamisha kichwa upande, akatazama chini.

"Uwiii!" Mama Mikoba akaruka juu, mkoba huko, kiatu huku. "Amening'ata! Kidole changu! Jamani kuku wenu wanakula watu!"

Mkuu wa Kituo hakurudi nyuma. Akadonoa kidole cha pili. Wenzake wakaja mbio kuona kuna nini, wakaona, wakaungana naye. Nilimtoa Mama Mikoba bandani kwa kumvuta mkono, na nitasema ukweli, nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Yeye anachechemea, mimi nacheka. Akaketi kwenye ngozi ya mbuzi niliyoianika, akainua mguu, akautazama.

"Rangi imetoka kabisa," akalalamika. "Na nimepaka leo asubuhi!"

Nikautazama mguu wake. Kucha zile zilikuwa nyekundu za kuwaka. Kicheko kikakatika katikati. Nikageuka, nikaangalia upande wa pili wa wavu, kwenye miguu ya mitetea.

Nilikimbia kuchukua mkasi, hata sikumjibu Mama Mikoba aliyekuwa anauliza dawa ya kidole. Nikaingia kwa mitetea, nikapiga magoti kwenye kinyesi, nikawa namkamata mmoja, nakata, namkamata mwingine, nakata. Mdogo wangu alisimama mlangoni akadhani dada yake amechanganyikiwa.

"Ni vitambaa!" nikamwambia. "Ni vyekundu! Wanadhani ni damu, ndiyo maana wanaifuata miguu. Hawana neno na watoto wako, wana neno na vitambaa vyangu!"

Tukawafunika mitetea vidonda kwa dawa nyeusi, ili pasibaki chochote chekundu. Tukaondoa wavu kwa mara ya tatu, mimi nimeshika ufagio. Mkuu wa Kituo akaja. Akatazama chini. Akamdonoa mtetea wa mbele mara moja kichwani, kama anayemwambia mimi ndiye mkubwa, yule akainama akapisha. Wa pili naye vile vile. Kisha mheshimiwa akaenda zake kwenye chakula. Mitetea wakangoja, wakasogea kwenye chombo cha pili, wakala.

Hakuna aliyekimbia. Nikaangua kilio, safari hii cha furaha.

"Umeona?" nikamwambia mdogo wangu. "Umeona sasa? Mpigie yule mtu simu asije. Kuku wanakaa!"

Alikuwa anaokota vile vitambaa vyekundu nilivyovikata, anavikusanya kiganjani.

"Wao umewafungua," akasema. "Na mimi utanifungua lini?"

"Nikufungue nini?"

"Kila mteja akiingia pale mlangoni unanifunga changu. Ameachana na mumewe. Maskini. Yuko kwangu kwa muda. Ukimaliza kufunga, wananidonoa mmoja mmoja mpaka jioni, na wewe unawauliza habari za zipu."

Kama angenipiga ningejua la kufanya. "Mimi?" nikasema. "Mimi ninayekukinga na midomo ya watu?"

"Ndiyo, wewe, dada."

Akavitupa vitambaa kwenye ndoo ya taka, akaingia ndani. Mama Mikoba alikuwa bado ameketi pale pale, mguu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ushauri.

Siku ile nilishona kola tatu, zote nikafumua. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, nikifika mlangoni kwake najiambia kwanza aniombe yeye, amenikosea adabu mbele ya mteja. Narudi. Nakaa. Nasimama. Nilimsikia akifunga zipu ya mkoba wake.

Kesho yake shemeji alikuja mapema. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha, joho limejaa pini. Mama Mikoba naye alikuwepo, eti amekuja kuchukua gauni, na safari hii amevaa viatu vya kufunika. Shemeji aliingia na shati limenyooka, mfuko wa matunda mkononi, sauti laini kama siyo yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitikia kwa meno.

"Nimekuja kumchukua mwenzangu. Tena nikuombe radhi kwa usumbufu. Najua amekuchosha."

"Nani kakwambia amenichosha?"

"Si wewe mwenyewe, dada?" Akatabasamu, akaangalia watu. "Habari zinafika. Kila anayekuja kushona hapa unamwambia yuko kwako kwa muda tu. Nikasema basi, muda umetosha. Nyumba ni yako, una kazi zako, hatuwezi kukubebesha."

Mama Mikoba akawa anatazama dari. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Maneno yangu yale yale, nilivyoyapanga, mtu yule ameyavaa akaja nayo mpaka kwangu.

Mdogo wangu alikuwa ametokea mlango wa uani, beseni la pumba kiunoni. Amesikia yote. Hakumtazama mumewe, alinitazama mimi.

"Dada, kama ni kwa muda, sema," akasema. "Sitakasirika. Ila useme sasa hivi, mbele yake, ili nijue."

Mimi ni mtu wa maneno. Nina jibu la kila mtu, hata kabla hajauliza. Pale nikaweka mkasi mezani, nikauchukua tena, nikauweka. Wote wananingoja, mwalimu wa kwaya mikono bado juu.

"Shemeji, umesikia sawasawa," nikasema mwishowe. "Nilisema hivyo. Nimelisema mara nyingi, kila aliye hapa amelisikia. Na ni uongo. Nyumba hii siyo yangu. Ni ya baba yake na mama yake, kama ilivyo ya baba yangu na mama yangu. Yeye hapa hakukaribishwa na mtu, amekuja kwao. Mimi nilitangulia tu."

Nikamwonyesha mdogo wangu kwa mkasi.

"Na habari ya kurudi au kutorudi usiniulize mimi. Mwenyewe huyo."

Shemeji akamgeukia. Ile sauti laini ilikuwa imeanza kumchanikia pembeni. "Haya, twende. Chukua vitu vyako."

"Siendi," mdogo wangu akasema. Alilisema chini chini, kama anayejaribu kiatu kuona kama kinamtosha. Kisha akalisema tena kwa sauti kamili. "Siendi."

Shemeji akageuza macho, akatafuta mwanamume mwenzake wa kumsaidia. Akampata mwalimu wa kwaya.

"Amesema haendi, ndugu yangu," mwalimu wa kwaya akamwambia, amesimama na pini zake kama mtu wa kutishia ndege shambani. "Mimi nimemsikia."

"Hata mimi," akasema Mama Mikoba, na Mungu ambariki.

Shemeji akatazama huyu na huyu. Halafu akaondoka, na matunda yake akaondoka nayo. Mlango wa nje ulipojifunga mdogo wangu alishusha beseni sakafuni, na pumba ikamwagika. Nikamshika. Tulisimama tumeshikana vile muda mrefu, mimi nisiyeweza kusimama mahali pamoja.

"Leo chumba cha kujaribia kinahamia koridoni," nikamwambia sikioni. "Watajaribu nyuma ya pazia. Asiyetaka aende kwa fundi mwingine."

Akatikisa kichwa kukubali, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akaenda kunawa. Nikarudi kwa mwalimu wa kwaya kumtoa pini, maana maskini mikono ilikuwa imeshamfa ganzi. Nilipoinua kichwa, mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni ya cherehani yangu, ile ya dirishani, ameshika joho ambalo halijapigwa pindo.

"Dada, sogea," akasema. "Kule ukutani ni giza, hata tundu la sindano silioni. Kuanzia leo nitakaa hapa."

Mdomo ulishanifunguka kumwambia asinipande kichwani. Dirisha lile nimelikalia tangu siku nilipoingiza vyerehani, hakuna aliyewahi hata kuegemea. Mwalimu wa kwaya ananiangalia. Mama Mikoba ananiangalia. Mdogo wangu hakuondoka, wala hakuomba mara ya pili.

Nikachukua mkasi wangu, nikachukua na mto wangu wa kukalia, nikahamia ukutani. Na kweli, kule tundu la sindano halionekani.